Beseni la Paka

Zamani, Simba alipokuwa na nyumba, alitafuta mnyama wa kuishi naye ndani. Akawajaribu Fungo, aliyejisifia harufu yake, na Paka, asiyejisifia kitu. Kila mmoja alipewa beseni la kwendea haja. Fungo alitaka maranda yaliyonyunyiziwa marashi. Paka akaomba mchanga mkavu, basi.

Siku ya tatu Simba alikwenda kukagua. Kwa Fungo, marashi na uvundo vilimpiga puani kwa pamoja. Kwa Paka, mchanga ulikuwa umetulia kama haujaguswa. Simba akapigwa na butwaa.

“Wewe huendi haja?”

“Naenda, Bwana Mkubwa. Nafukia.”

Simba, ambaye pori zima lilinusa alikopita, akautazama sana mchanga ule. Kisha akainama, akanong’ona:

“Unachimba kwa mguu upi?”