Ngedere na Bembea ya Nyuma ya Uzio

Zamani wanyama walipokuwa na uwanja wao wa bembea, Nungunungu alizungusha uzio akaanza kuunda bembea mpya. Ngedere hakuwa hata amechungulia, lakini habari zote alikuwa nazo yeye.

"Inarusha mpaka mawinguni," alisema. Wenzake walipomshangilia, akazidi kutia chumvi: "Tena inakugeuza kichwa chini!"

Siku ya kufunguliwa, wote wakampisha. "Tangulia, bingwa!"

Ngedere akatimua mbio, akapanda mti.

Kobe akapanda bembea, akazungushwa, akashuka akipiga miayo. "Shuka, ndugu yangu. Hata mimi natembea kasi kuliko hii."

Ngedere akazidi kulikumbatia tawi. "Umetumwa, wewe! Habari za bembea hii, nani azijuaye kama mimi?"