Gia Boksi ya Marehemu

Siku hizi mtu akifa gari lake huvunjwa, na kila spea huuzwa pamoja na mmoja wa watu aliowaacha. Gia boksi yetu ilipoanza kuteleza, mume wangu Sefu alirudi na nyingine, nyuma yake kikongwe, mama wa marehemu mwenye gari. Sefu akaniagiza nimpikie bibi uji mwembamba, asije akatuzoea.

Jana tumemzika Sefu. Leo, hata matanga hatujaanua, fundi Mkude kafungua boneti.

"Pole, shemeji. Gia boksi inaondoka na bibi. Injini nayo nzima, mteja yupo. Unamtoa mtoto yupi, Tunu au mdogo wake?"

Kikongwe akaweka bakuli lake chini.

"Mwanangu, muulize kwanza huko wanapika uji gani."