Isizidi Mbili na Nusu

“Huyu mwanamke tumuue mwanzoni au mwishoni?” Mzee Bakiri aliuliza huku akipuliza chai.

“Usimuue kabisa,” alisema mkewe, Fauzia. “Mwache akimbie. Akishakufa, nani atajisumbua kwenda kumtazama?”

Bakiri alicheka hadi chai ikamwagikia kwenye sahani. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na mwanamke huyu bado alikuwa akimshinda kwa neno moja. Basi ikawa hivyo: mwanamke anakimbia, ngazi hazina mwisho, na muuaji haonekani uso.

Siku tano kabla ya hapo Bakiri alikuwa mstaafu wa kawaida wa Jeppestown, anamaliza magazeti na kuwachokoza majirani. Ndipo simu ikalia. Alikuwa kijana mmoja Mkongomani, Parfait, mlinzi wa duka ambaye siku zake za mapumziko alikuwa akipiga filamu. Ya kwanza ilimchukua miaka mitatu. *Mpangaji wa Namba Tisa*: jengo zima la Berea linanusa wali wa mpangaji huyo kila siku, hakuna aliyewahi kumwona, na majirani wanapungua mmoja mmoja.

“Papa Bakiri, wameniambia kwa trela hakuna kama wewe.”

“Hawakukudanganya. Miaka thelathini, mwanangu, na sikufundishwa na mtu. Trela zangu zimefika Lusaka, zimefika Lubumbashi kwenu. Moja ilikwenda hadi Mbeya, wakaipenda mno, haikurudi.”

“Bon! Mi nataka ya kutisha. Iwe na mvuto, papa, mvuto kabisa. Lakini isizidi mbili na nusu.”

“Mbili na nusu inatosha. Ikizidi hapo inakuwa mzigo tu.”

“Na iwe haraka. Ukumbi wa Troyeville umenipa hadi Ijumaa jioni. Watu mia moja wasipojiandikisha, Jumamosi yangu wanapewa watu wa harusi. Miaka mitatu, papa, itaishia kwenye biriani ya watu wengine!”

Maneno hayo yalimwingia Bakiri. Yeye mwenyewe tangu astaafu kila mtu alikuwa akimwambia apumzike, kana kwamba kupumzika ni kazi. Parfait akamtumia picha za filamu kwenye simu, na mzee akakunja mikono ya shati.

Kwanza aliweka damu ya kutosha. Akarudi nyuma hatua tatu, akatazama, akaona amefungua bucha. Akaiondoa yote, akabakiza tone moja chini ya mlango. Tone hilo lilitisha kuliko ndoo nzima.

“Na huo mlango utautengeneza lini, Baba Suhaib?” Fauzia alimuuliza. “Unalia kama paka aliyekanyagwa.”

“Ole wake atakayeugusa! Mlio huo ndio filamu yenyewe.”

Kilichomhangaisha zaidi ni macho ya muuaji. Yakiwaka muda wote, watu watayazoea, watayaona ya jirani yao. Alizunguka nayo siku mbili nzima, chakula kikapoa, Fauzia akanuna. Kisha akapata. Macho yatakuwa mekundu, na yatawaka pale tu mwendo unaposimama.

Jina la filamu, siku, ukumbi na namba ya simu ya Parfait aliviweka mwisho kabisa, kwa herufi kubwa.

“Mbona huko?” Fauzia alishangaa. “Si waanze na jina?”

“Mama Suhaib, mwisho ndio unaotazamwa muda mrefu kuliko kote. Hasa na wenye haraka zao.”

Ijumaa asubuhi akaitoa.

Kufika saa tisa mchana, simu ikalia. Fauzia akamshikia mumewe sikioni, maana mikono yake ilikuwa kwenye usukani.

“Papa! Umefanya nini?” Parfait alikuwa akipiga kelele. “Berea wameiona! Bertrams wameiona! Kuna mama mmoja amenipigia analalamika, ati yale macho yamemtangulia toka sokoni mpaka karibu na kwake! Majina yamefika mia moja na arobaini!”

“Basi hao wa harusi waambie watandike mikeka uwanjani.”

“Lakini papa, eish, mimi mwenyewe sijaiona. Nimeitafuta mtandaoni kutwa nzima, haipo! Nitumie linki.”

“Linki ndiyo nini?”

“Sasa... hiyo trela umeiweka wapi?”

“Wewe uko wapi?”

“Nje ya ukumbi, Troyeville.”

“Usitoke hapo. Nakuletea.”

Robot ya mwisho, taa ya njia panda, ikageuka nyekundu, Bakiri akakanyaga breki, na nyuma kabisa ya pikapu yake macho mawili yakawaka. Ilipokuwa kijani alivuka, akaegesha mbele ya kijana aliyeachama na kompyuta kwapani, akashuka, akalipiga teke gurudumu lililojaa upepo la trela aliyokuwa akiivuta.

“Mita mbili na nusu kamili,” akasema. “Pima mwenyewe.”