Koti Kwenye Msumari

Koti la Absalom liliondoka nyumbani Jumamosi asubuhi kwenda kurithi mjane. Absalom mwenyewe alibaki.

Mapema mwaka huo, 1994, alimzika nduguye Ochieng, aliyeuawa na ule ugonjwa ambao Asembo Bay nzima iliujua na hakuna aliyeutaja. Ochieng aliacha mke, Adero, watoto watatu, na mashua moja iliyowalisha wote. Kwa desturi, shemeji anayemrithi mjane huishika na mashua. Zamani ndugu wangepigania nafasi hiyo. Sasa walipita mlangoni mwa mjane mbiombio, hadi wazee wakalegeza kamba: anayeogopa atume koti lake, lilale ndani usiku mmoja, yatosha.

Absalom aliitaka mashua kufa na kupona. Kwa Adero mwenyewe hakutaka kusogea; tangu matanga alimsalimia kutoka nje ya ua, akipunga kofia. Naye Adero aliililia mashua ile karibu sawa na alivyomlilia mumewe, maana bila hiyo watoto wangelala njaa.

Absalom akamkabidhi koti mkewe, Jentrix.

"Tundika kwa msumari, urudi," alimwagiza. "Usiketi. Chai usikunywe. Mkono usimpe."

"Na wewe ukichukua mashua, Adero na watoto watakula nini?"

"Hiyo ni maneno ya wanaume."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Jentrix akavaa koti lake la kanisani, akalitia la mumewe kwapani, akaenda.

Alirudi jioni akinukia mandazi. Absalom hakumfungulia. Alimwamuru kwanza aoge huko nje, kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Umetundika?" aliuliza nyuma ya mlango.

"Koti iko kwa msumari, Baba Lornah."

Usiku huo Absalom alilala peke yake, raha mustarehe, akiota sangara.

Kesho yake wazee walikusanyika ufukweni, mbele ya nyumba ya Adero. Jentrix alikuwa ametangulia alfajiri. Alisema anakwenda kuitazama mashua. Absalom alifika amenyoa ndevu, akasimama hatua kumi kutoka mlangoni, upande ambao upepo haukumletea pumzi ya mtu.

"Mzee, sema kabla mlango ufunguliwe," alimwambia Mzee Zadock, msemaji wa ukoo. "Sitaki watu wakuje kubishana kesho."

Mzee Zadock alisafisha koo. "Mwenye koti iliyolala hapa, mashua ni yake. Hakuna kurudi nyuma."

"Hakuna kurudi nyuma!" Absalom aliitikia kabla ya wote, na kwa sauti iliyowashinda wote.

Mlango ukafunguliwa. Adero alitoka na koti, akaliinua juu kila mtu alione. Lilikuwa la buluu, la kike, na beji ya akina mama wa kanisa ikimeta kifuani.

Wazee wakatazamana. Mzee Zadock akaanza kukohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Na yangu iko wapi?" Absalom alifoka.

"Iko hapa, Baba Lornah," Jentrix alijibu kutoka ndani ya mashua, akilifunga vifungo hadi shingoni. "Huku kwa maji kuna baridi."