Kombe la Fainali

Mama alilifuta tena kombe kwa upindo wa gauni lake, ingawa lilikuwa linang'aa. Binti yake hakulitazama.

“Mama, turudi nyumbani. Nitajiunga na kwaya.”

“Na sauti hiyo ya mlango mbovu? Nyamaza.”

Walikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Bila shughuli moja ya nje ya masomo, binti asingepewa cheti. Na bila cheti, chuo cha uuguzi kilichokwisha kumchagua kingempa mwingine nafasi yake. Hakucheza mpira, hakuwa skauti. Alichokuwa nacho ni michezo ya kompyuta na kombe hilo moja. Mama, fundi cherehani, alikuwa ameacha nguo za watu mezani ili aje kulipigania.

“Uuguzi ni wako,” alinong'ona. “Nani alimshika bibi yako mkono hadi pumzi ya mwisho, mimi nikiwa kazini? Mpaka leo namsikia akikuita: mke mwenza, mke mwenza. Ulisema mwenyewe, alikwenda taratibu kama aliyesinzia.”

Binti aliinamisha kichwa.

Ndani, mwalimu mkuu alilizungusha kombe kama anayekagua papai bovu.

“Mchezo wa kukaa kitini, mama? Sisi tunataka nidhamu. Tunataka mtoto anayejitoa kwa ajili ya wenzake. Huyu amejifungia chumbani, anajitoa kwa nani?”

“Hachezi peke yake, mwalimu. Wako watano. Mpigie kapteni wao umuulize.”

“Mama, basi,” binti alisema.

“Unamwona? Hata kusifiwa anaona haya,” mama alicheka, akamwekea mkono begani. “Piga tu, mwalimu.”

Simu ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa. Kapteni, kijana wa mji mwingine aliyejiita Kipanga, hakuhitaji kubembelezwa.

“Shikamoo mwalimu. Nidhamu? Huyo ni chuma! Siku ya fainali kulikuwa na mchezo wa kuigiza kwenye redio ya kwao, kelele zikapita kwenye maikrofoni yake mpaka masikioni mwetu. Tukamwambia kaizime. Akasema akiinuka tu, tumefungwa. Hakuinuka mpaka mwisho.”

Mwalimu mkuu aliitikia kwa kichwa, akauvuta muhuri karibu.

“Na redio yenyewe ilikuwa vituko,” Kipanga aliendelea, akicheka. “Kuna kibibi kinalia humo, ‘Mke mwenza, maji! Mke mwenza, niinue!’ Sisi mbavu hatuna. Baadaye kikanyamaza chenyewe, nasi tukashinda.”

Mama aliuondoa mkono wake begani kwa binti.

“Sasa hiyo ndiyo nidhamu,” mwalimu mkuu alisema, akagonga muhuri.