Kasha la Mionzi

Asubuhi hiyo Tunu, dereva wa lori la hospitali, alikuta kasha la chuma limeshapakiwa. Ndani yake mlikuwa na madini ya mionzi yaliyotumika miaka mingi kutibu saratani, na sasa yalitakiwa kuhifadhiwa mji mwingine. Alilizunguka lori mara mbili asione hata alama moja ya kutahadharisha watu.

"Kibali cha kusafirisha mionzi kiko wapi, bosi?" alimuuliza Bwana Ngassa, msimamizi wa usafiri.

"Kitafuata. Kasha tu hilo, wewe endesha."

"Njia inapita sokoni na kwenye shule mbili. Bila kibali siendeshi."

"Basi kazi huna! Wanaoutaka usukani huo ni wengi."

Tunu alichomoa ufunguo, akaufumbata.

"Nifukuze. Ila kama ni kasha tu, panda nyuma ukae nalo, twende wote sasa hivi."

Wapakizi waliokuwa kando ya lori walimgeukia bosi. Ngassa alicheka kidogo, akasogea, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya nyuma ya lori. Jua lilizidi kupanda, na mguu wake wa pili bado ulikuwa umekanyaga chini.