Daftari la Wanachama

Adhuhuri ile Baraza la Maulamaa lilipokifuta Chama cha Wastani, Bi Salha, katibu wake kwa miaka kumi na tisa, alikuwa jikoni mwa ofisi akilichana daftari la wanachama na kuzitia kurasa kwenye jiko la mkaa. Askari walikuwa njiani kulichukua.

"Wenye msimamo mkali walituita wasaliti wa dini, wapinzani wakatuita vibaraka wa mashehe," alisema mwenyekiti, Maalim Jabir, akichungulia dirishani. "Sasa nani atatutetea?"

Bi Salha alikuwa amefika ukurasa wa kwanza, ambapo marehemu mumewe, Haroub, aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Nyumbani hakubakiwa na mwandiko wake mwingine. Mafuriko yalichukua kila karatasi.

"Huo uweke," Maalim alimwambia kwa upole. "Aliyekufa hakamatwi."

"Nyuma ya jina lake pana jina la mwanao, Maalim."

Maalim akainamisha kichwa. Bi Salha alilipitishia kidole jina la Haroub, herufi kwa herufi, kisha akaulaza ukurasa juu ya makaa na kuutazama mpaka ukajikunja.

Hodi ikapigwa. Akateleka birika, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Ofisa aliingia, akanusa moshi, akalitazama jiko.

"Mnapika nini, mama?"

"Chai, mwanangu."

Akavuta kigoda, akaketi akilipa jiko mgongo. "Basi nitaingoja ichemke."